Karatasi ya mistari sita: mtu akifa kwa uzembe wa mwingine, nani anaulizwa na fidia inatoka wapi?

Siku ya tatu ya kilio, huko Katuba, mtaa wa Lubumbashi, gari jeupe lilisimama mbele ya hema. Wakashuka wanaume wawili na mifuko miwili ya unga, bidoni ya mafuta na bahasha. Walitoa pole kwa heshima zote, wakakaa kwenye viti vya plastiki, na baada ya kimya kirefu mmoja wao akafungua jalada akatoa karatasi na kalamu. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, mistari sita. Kaka mkubwa wa marehemu alikuwa ameshashika kalamu. Mjane hakuitwa, alikuwa ndani, kwenye mkeka, katikati ya wamama.

Mimi ni jirani. Niliitwa kusoma. Mistari minne ya kwanza ilitaja msaada ambao sosiete (kampuni) yenye lori lililomgonga marehemu ilileta kwa ajili ya maziko. Mstari wa tano ulisema kwamba familia, kwa kupokea msaada huo, inaachana na madai yake yote, ya sasa na ya baadaye. "Baba," nikamwambia yule mzee, "ukitia sahihi hapa mmemaliza yote." Akanitazama kwa mshangao. "Yote gani, mwanangu? Hii ni ajali. Nani aliitaka?"

Maneno yake nimeyasikia tena mara nyingi tangu siku ile: kwenye vilio, ndani ya teksi, kwenye WhatsApp kila lori linapopinduka kwenye barabara ya Kasumbalesa au ya Likasi. Wengine wanashika upande wa pili kabisa: kila kifo kilipwe papo hapo, dereva apigwe, gari lichomwe. Wote wanachanganya mambo ambayo sheria ya Kongo iliyatenganisha zamani. Mimi si avoka (wakili). Nimeisindikiza familia ile polisi, parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) na tribinali (mahakamani), nimewauliza mawakili tena na tena, na ninataka kueleza kwa lugha yetu yale ambayo hakuna mtu chini ya hema aliyeyajua.

Ajali haifuti kosa

Tuanze na maneno. Ajali ni tukio baya ambalo hakuna aliyelikusudia. Uzembe ni kutofanya lile ambalo mtu mwangalifu angelifanya mahali pake: kuendesha na breki mbovu, kuacha shimo wazi bila alama, kumpa gari mtu asiyelijua. Mambo haya mawili yanaweza kukaa ndani ya tukio moja. Dereva hakutaka kuua. Hilo linamtoa kwenye kosa la kuua kwa kukusudia. Lakini kama alisinzia kwa sababu alikuwa ameendesha usiku kucha, uzembe upo palepale.

Code pénal yetu, sheria ya makosa ya jinai, ya tarehe 30 Januari 1940, inasema hivyo waziwazi katika kifungu cha 52: mwenye kosa ni yule aliyeleta madhara kwa kukosa kuona mbele au kukosa kujihadhari, ingawa hakuwa na nia ya kumdhuru mtu. Kifungu cha 53 kinaweka adhabu ikiwa mtu amekufa: kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, pamoja na faini. Kwa hiyo ukisema "hakutaka", umemweleza hakimu kifungu gani atumie. Hujamaliza kesi.

Hiyo ni jinai, deni la mkosaji kwa taifa. Kuna deni la pili, kwa watu aliowaachia pengo, nalo linaitwa fidia. Linatoka katika kitabu cha tatu cha Code civil, sheria ya madai kati ya mtu na mtu, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ya enzi za Léopold II, ambayo bado tunaitumia. Kifungu cha 258: kila tendo la mtu linalomletea mwingine hasara linamlazimu aliyekosa kuitengeneza hasara hiyo. Kifungu cha 259 kinaongeza kwamba mtu anaulizwa hata kwa uzembe wake, hata kwa kutojihadhari kwake. Dereva akikaa gerezani miezi minane, deni la kwanza linalipwa. La pili halijaguswa hata kidogo, kwa sababu jela hailipi karo ya shule.

Hapa kuna jambo ambalo watu hawalisemi kwa sauti: aibu. Wamama kadhaa wameniambia kwamba kudai fedha kwa ajili ya mfu ni kama kula damu yake. Ninaiheshimu hofu hiyo, inatoka mahali pa upendo. Lakini fidia haimpi marehemu bei. Inapima pengo: kodi ya nyumba aliyokuwa akilipa, unga aliokuwa akileta, dawa za mama yake mzee, na uchungu wa waliobaki. Kodi itadaiwa mwisho wa mwezi, mwenye nyumba haulizi kama mmelia.

Umeme, waya na taa

Ili kushinda, familia inathibitisha mambo matatu: kosa, hasara, na kiungo kati ya hayo mawili. Mtu wa Lubumbashi ataelewa haraka akifikiria taa ya nyumbani. Kosa ni umeme. Hasara ni taa. Kiungo ni waya unaotoa umeme kwenye nguzo hadi kwenye taa. Ukiwa na umeme na taa bila waya, mtakaa gizani sawa na siku ambazo SNEL, shirika la umeme, imekata. Na anayedai ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Hakimu hatafuti ushahidi kwa ajili yako.

Hasara haibishaniwi sana katika kifo: maiti ipo, kaburi lipo. Kosa linabishaniwa. Lakini mahali ambapo kesi nyingi hufia ni kwenye waya, na sisi tuliliona hilo kwa macho.

Marehemu wa Katuba alikuwa muuza makala, yaani mkaa. Alikuwa akiyatoa porini kwa baiskeli, magunia matatu yamefungwa nyuma na pembeni, yeye akisukuma kwa miguu. Alfajiri moja lori lilimgonga kwa nyuma. Hakufa barabarani. Alikaa hospitali siku nne, siku ya tano asubuhi akafa. Sosiete haikukana kwamba lori lake lilimgonga, wala haikukana kwamba amekufa. Ilisema jambo moja tu: alikuwa na malaria, karatasi ya maabara inaonyesha, basi malaria ndiyo iliyomuua. Unaona? Umeme wamekubali, taa wamekubali, wamekata waya.

Kilichounganisha tena waya ule ni karatasi ya daktari aliyempokea siku ya kwanza. Aliandika kwamba mfupa wa paja ulivunjika, kwamba damu ilikuwa ikivuja tumboni, na saa aliyomwona. Familia ilikuwa karibu kuiacha hospitalini pamoja na bili.

Ndiyo maana ninasema kesi inashindwa au inapotea kati ya mochari na makaburi, wakati ambapo hakuna mtu mwenye nguvu ya kufikiria karatasi. Jirani, rafiki wa kanisani, mtu wa kazi moja na marehemu, mmoja wa hao achukue jukumu hilo ili wafiwa walie kwa amani. Apige picha gari mahali lilipo kabla halijasogezwa, namba ya plaki ya mbele na ya trela (mara nyingi ni mbili tofauti), karatasi ya bima kwenye kioo, alama za matairi, na barabara yenyewe. Achukue simu za watu walioona, hasa wale ambao si ndugu. Ahakikishe polisi ya rulaje (ya barabarani) imefika na kuandika PV, ripoti yake rasmi, pamoja na mchoro wa ajali, kisha aombe namba ya PV na jina la ofisa aliyeiandika. Bila namba hiyo mtazunguka kutoka ofisi hadi ofisi, mkiambiwa kila mahali kwamba jalada liko kwingine.

Kuhusu kupasuliwa maiti, ninajua ni neno zito. Familia nyingi zinakataa, na si lazima kila mara. Pale ambapo sababu ya kifo iko wazi, cheti cha daktari kinatosha. Lakini ikiwa mtu amekufa kwa namna isiyoeleweka, mkizika haraka mmezika na ushahidi. Mwendesha mashtaka anaweza kumwagiza daktari achunguze kabla ya maziko. Kufukua baadaye kunawezekana pia kwa amri ya sheria, ila kunagharimu, na kunaumiza mara ya pili.

Anayelipa si lazima awe aliyekosa

"Dereva mwenyewe ni maskini, mtamtoa nini?" Maneno haya yamewarudisha nyumbani watu wengi mapema mno. Kifungu cha 260 cha Code civil kinapanua mlango: mtu anajibu pia kwa kosa la wale walio chini yake na kwa vitu vilivyo mikononi mwake. Mwajiri anajibu kwa hasara iliyoletwa na mfanyakazi wake akiwa kazini. Hawezi kujitetea kwa kusema alichagua dereva mwenye leseni na uzoefu. Wazazi wanajibu kwa mtoto wao mdogo, mwalimu kwa mwanafunzi aliye chini ya uangalizi wake. Hawa wanaweza kujinasua wakionyesha kwamba hawakuwa na njia ya kulizuia tendo lile.

Na kitu je? Mwenye kukishika na kukitawala kitu anaulizwa kwa madhara kilichoyaleta. Watu wengi wanakumbuka tarehe 2 Februari 2022, waya mkubwa wa umeme ulipoangukia soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, wakafa watu 26. Au Februari 2019, huku kwetu kusini, lori la asidi lilipogongana na basi katika Lualaba. Katika misiba ya namna hiyo, swali la nani alifanya kosa gani linaweza kuchukua miaka. Swali la nani alikuwa na kitu kile mikononi mwake huwa na jibu fupi zaidi, na mawakili wengi hupitia mlango huo kwa sababu mzigo wa ushahidi ni mwepesi kidogo. Mwenye kitu hujitetea kwa kuonyesha nguvu isiyozuilika, au kosa la mtu mwingine, au kosa la marehemu mwenyewe.

Pamoja na hao kuna bima. Tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, kila gari linalotembea barabarani Kongo linatakiwa kuwa na bima ya kulipa watu litakaowadhuru. Kwa miongo mingi SONAS, kampuni ya bima ya serikali, ilikuwa peke yake. Code ya bima ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko kwa kampuni nyingine, na ARCA, mamlaka ya bima, ikawekwa kuzisimamia. Familia inaweza kuidai bima moja kwa moja, bila kungoja mwenye gari aiombe. Ndiyo sababu ninasisitiza picha ya ile karatasi ndogo kwenye kioo: ina jina la kampuni, namba ya mkataba na tarehe za mwanzo na mwisho. Dereva akikimbia, plaki inabaki. Plaki ina karte roze (kadi ya gari), na karte roze ina jina la mwenye gari.

Kwa anayefia kazini, mgodini au kiwandani, njia ni nyingine tena. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 inayoongoza CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, inaangalia kama ajali ilitokea kwa sababu ya kazi, au njiani kati ya nyumbani na kazini. Hapo hamhitaji kuthibitisha kosa la mwajiri. Mjane na watoto wanaomba pensheni yao na gharama za maziko. Mwajiri ana wajibu wa kuitangaza ajali ile, nanyi muombe kopi ya tangazo hilo. Uchungu wangu ni kwa wachimbaji wadogo, hao creuseurs ambao hawajaandikwa popote. Kwao CNSS haina faili, na familia inarudi kwenye kifungu cha 258, kwenye mzigo mzima wa umeme, waya na taa.

"Lakini hakuwa na taa kwenye baiskeli"

Mara tu familia inapodai, kidole hugeuzwa kwa marehemu. Alivuka vibaya. Alikuwa amekunywa. Hakuvaa kofia ya pikipiki. Muuza makala wetu hakuwa na kiakisi nyuma, na hilo lilisemwa tribinali kwa sauti kubwa, mjane akiwa amekaa benchi la pili.

Kosa la marehemu lina uzito, hatuwezi kulificha. Lakini mara nyingi linagawa deni bila kulifuta. Hakimu anaweza kuona kwamba lori lililokwenda mbio mahali pa makazi lina sehemu kubwa, na baiskeli isiyoonekana ina sehemu ndogo, akapunguza fidia kwa kiasi hicho. Deni linafutika pale tu ambapo kosa la marehemu ndilo sababu nzima ya kifo. Msiseme uongo kumtetea. Shahidi mmoja wa upande wa pili akionyesha uongo mmoja, hata ukweli wenu mwingine utatiliwa shaka.

Hospitalini mambo yanakuwa magumu zaidi, na nitasema kwa kifupi kwa sababu yanastahili andiko lake. Daktari haahidi kuponya. Anaahidi kutibu kwa uangalifu na kwa elimu ya kazi yake. Mgonjwa kufa mikononi mwake si ushahidi wa kosa. Kosa ni kama kumpa damu ya kundi lisilo lake, kumwacha mama mzazi anavuja damu saa nyingi bila kuangaliwa, kusahau kitambaa tumboni. Ili kulionyesha hilo mnahitaji faili ya matibabu na daktari mwingine wa kuisoma kwa amri ya hakimu. Na kama mtu aliachwa mlangoni bila kusaidiwa hali yuko hatarini, Code pénal ina kosa linalojitegemea la kutomsaidia mtu aliye hatarini, katika kifungu cha 66 bis na ter.

Milango miwili, na saa inayotembea

Madai yanaweza kupita mlango wa jinai au wa civil, yaani kesi ya fidia peke yake. Katika mlango wa jinai, mnapeleka malalamiko parke, na kesi ikifika tribinali familia inajiunga kama upande wa madai. Kosa la kuua bila kukusudia liko ndani ya uwezo wa tribinali ya amani, ile tunayoiita tripaix, kwa kuwa adhabu yake haivuki miaka 5. Mwajiri wa dereva anaitwa hapohapo kama anayejibu kwa fedha. Parke ikilala, familia inaweza pia kumwita dereva moja kwa moja mbele ya tribinali kwa hati ya wito wake yenyewe. Faida ya mlango huu ni kwamba polisi na parke wana nguvu ya kutafuta ushahidi ambayo ninyi hamna.

Mlango wa civil unafaa pale dereva asipojulikana au alipokufa naye, au pale mnapomfuata mwenye kitu. Kesi zikifunguliwa zote mbili, ile ya civil hungoja ya jinai imalizike. Na dereva akiachiwa huru na hakimu wa jinai, msidhani kila kitu kimefungwa: mwenye lori bado anaweza kuulizwa kwa kifungu cha 260.

Saa ya jinai inakwenda mbio: kwa kosa hili, miaka 3. Madai ya civil yana muda mrefu wa jumla, miaka 30, lakini nani atakumbuka alama za matairi baada ya miaka 30? Bima nayo ina muda wake ulioandikwa. Andikeni mapema.

Swali la nani anadai linaleta ugomvi mkubwa kuliko yote, na ugomvi huo uko ndani ya familia. Uchungu ni wa anayeuhisi: mjane, watoto, wazazi, kila mmoja kwa jina lake. Fidia ya uchungu wa mjane si mali ya urithi, haipiti mikononi mwa ukoo ili igawanywe chini ya mwembe. Watoto wadogo wanasimamiwa na mzazi aliyebaki. Mjomba au kaka wa marehemu anaweza kudai kwa hasara yake mwenyewe kama ipo, lakini hawezi kuuza haki ya watoto wa marehemu kwa mifuko miwili ya unga. Ili haya yasibaki maneno, mnahitaji cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa. Aliyeolewa kwa mila na hajaandikisha ndoa atasumbuka zaidi. Ajikusanyie mashahidi wa mahari na karatasi ya mtaa anaoishi.

Je, kiasi kinapatikanaje? Hakuna jedwali ambalo hakimu analifungua na kusoma bei. Tuseme marehemu alikuwa akipata dola 200 kwa mwezi, akitumia 60 kwa ajili yake. Nyumbani zilifika 140, yaani 1,680 kwa mwaka. Mtoto wa mwisho ana miaka 6. Hadi afike 18 ni miaka 12, jumla 20,160. Juu yake weka hospitali, sanduku, gari la maziko, halafu uchungu, ambao hauna risiti. Hakimu halazimiki kufuata hesabu hii. Lakini asipoletewa hesabu yoyote, atakadiria kwa anavyoona ni haki na usawa, na anachokadiria mtu ambaye hajawahi kukanyaga uwanja wenu huwa kidogo.

"Hakuwa na bulletin ya mshahara," wanasema. Muuza makala angeipata wapi? Mke wake alikuwa na kaye (daftari). Kaye ya shule, jalada limeanguka, kila Jumamosi ameandika kwa kalamu ya bluu: magunia yaliyoingia, yaliyouzwa, nani amekopa, falanga zilizobaki. Miaka miwili na nusu. Avoka aliipindua kurasa kimya kimya, kisha akauliza kama anaweza kuipigia fotokopi leo hiihii.

Ile karatasi

Nirudi chini ya hema. Kupokea unga, sanduku au fedha za maziko hakufungi madai. Ni msaada, na una jina lake. Kinachoweza kufunga ni mapatano ya maandishi ambamo mwenye haki mwenyewe, akielewa, anakubali kiasi fulani na kuachana na yaliyobaki. Hata hayo hayamfungi mwendesha mashtaka: jinai ni ya taifa, familia haiwezi kuiuza. Na mapatano yaliyopatikana kwa hila, kwa vitisho, au kwa sahihi ya mtu asiye na haki yanaweza kupingwa mbele ya hakimu. Lakini kupinga kunachukua miaka, kutotia sahihi kunachukua dakika moja.

Siku ile nilimwomba mzee amwite mjane. Alitoka, kitenge kimefungwa kichwani, akaketi chini. Nilisoma karatasi mara ya kwanza kwa Kifaransa, mara ya pili kwa Kiswahili. Akauliza nirudie mstari wa tano. Kisha akawaambia wageni kwa sauti ya chini kabisa: "Unga tunapokea, Mungu awabariki. Karatasi tuachieni, tutaisoma." Hawakuiacha. Yule mwenye jalada aliikunja akairudisha ndani. Wiki iliyofuata walileta nyingine, ya mistari mitatu, ikitaja tu vitu vilivyopokelewa. Hiyo aliitia sahihi, na pembeni akaandika kwa mkono wake, kama avoka alivyomwelekeza: "kwa maziko tu, haki zote zimehifadhiwa".

Avoka wenyewe wanaogopwa kwa ajili ya bei. Kila baro (chama cha mawakili), pamoja na ya mkoa wetu wa Haut-Katanga, inatakiwa na sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 kuwa na ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Cheti cha umaskini kinaweza kuwaondolea gharama za tribinali. Muulizeni avoka tangu siku ya kwanza atachukua kiasi gani, na akiandike.

Kushinda nako kuna hatua yake ya mwisho. Hukumu inabidi itolewe nakala yenye nguvu ya kutekelezwa huko greffe (ofisi ya karani wa tribinali), mkilipa ada ya serikali, kisha husie (mpeleka hati wa tribinali) aipeleke kwa aliyeshindwa, naye ana haki ya kukata rufaa. Asipolipa, husie anaweza kukamata mali yake. Pale ambapo bima imeitwa katika kesi tangu mwanzo, njia ni fupi, kwa sababu kuna mwenye mfuko.

Kesi ya mama wa Katuba haijafika huko. Kikao kilichopita kiliahirishwa kwa sababu bima haikuwa imeitwa kwa utaratibu unaotakiwa. Avoka ameshaiita upya. Kaye iko greffe ndani ya jalada, kipande namba 7, na ukiigusa bado inaacha weusi wa makala kwenye vidole.